Mkia wa Kamba

Kuanzia Oktoba hadi Machi, siku tatu kila wiki, Kaleria Lvovna alisimama mahali pale pale ukingoni mwa zulia, akashika kamba ya usalama kwa mikono yote miwili, na hakuona kilichokuwa kikitendeka hatua mbili nyuma ya mgongo wake. Si kwamba macho yake yalikuwa mabovu. Yalikuwa macho ya kumnasa mtoto aliyesahau kunyoosha vidole vya mguu akiwa hewani, katikati ya kichwangomba. Watoto waliapa kwamba mwalimu wao huona hata wanachokifikiri. Lakini macho hayo yalitazama juu, na Taisia alikuwa nyuma.

Taisia, msichana wa miaka kumi na minne, alikuwa amepewa kazi ndogo ya kukusanya mkia wa kamba, ile sehemu inayobaki sakafuni, ili usimnase mtu miguu. Hakuwa akiukusanya. Alikuwa ameuzungusha kiunoni mara moja na kukita visigino kwenye mbao za sakafu, na kila mrukaji alipokosea, uzito ukashuka kwa ghafla kwenye kamba, yeye ndiye aliyeubeba. Mkono wa kushoto wa Kaleria Lvovna ulikuwa umekwisha nguvu tangu majira ya vuli. Watoto wote walijua. Mwenye mkono hakujua.

Dalili hazikukosekana. Birika la chai lilimponyoka mara mbili mwezi Novemba. Vifungo vya koti vilianza kumchukua muda mrefu, hata akazoea kutoka nyumbani mapema. Kwa kila jambo alikuwa na sababu: baridi, glavu, vifungo vya siku hizi visivyo na maana. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa miaka arobaini na moja alikuwa akifundisha sarakasi katika Jumba la Utamaduni la kiwanda kimoja cha nguo mjini Kineshma, katika ukumbi uliojengwa kwa ajili ya dansi. Mtu aliyefanya kazi moja muda wote huo hujifunza kutousikiliza mwili wake mwenyewe, kwa kuwa masikio yake yote yamehamia kwenye miili ya watoto.

Kamba yenyewe ni kitu rahisi. Hutoka kwenye mkanda uliofungwa kiunoni mwa mtoto, hupanda hadi kwenye kapi mbili zilizotundikwa darini, kisha hushuka hadi mikononi mwa mwalimu. Mtoto akipaa, mwalimu huvuta ulegevu wote. Akishuka, humwachia taratibu. Mwalimu stadi hamwinui mtoto hata kidogo, humsindikiza tu. Na kabla mtoto hajarushwa, anayeshika kamba husema neno moja: “Nashika!” Asiyelisikia neno hilo haruki, hata wakuu wote wa mkoa wawe wameketi mstari wa mbele.

Humo ndimo kosa lilimozaliwa. Kwa watu wa kazi hii, wepesi wa kamba ni sifa ya mtoto. Mwanafunzi mchanga huanguka kama mzigo, na mikono ya mwalimu huwaka moto. Kadiri anavyokomaa, ndivyo kamba inavyotulia, hadi siku moja mwalimu anahisi kana kwamba ameshika uzi wa tiara siku isiyo na upepo. Basi ilipofika Desemba, naye Ustya, mrukaji wao mwenye miaka kumi, akawa mwepesi kabisa mikononi mwake hata pale alipokosea kutua, Kaleria Lvovna hakushangaa. Alifurahi. Alimwambia mama yake Ustya kwenye chumba cha makoti, mbele ya watu, “Binti yako sasa hata akianguka haanguki. Anashuka.” Mama yule alilia kwa furaha, na Taisia, aliyekuwa akivaa buti zake pembeni, aliinamisha kichwa.

Mwaka uliotangulia mrukaji alikuwa Taisia mwenyewe. Kisha alikwenda kwa bibi yake kijijini wakati wa likizo ya kiangazi, akarudi ameongezeka sentimita kumi na moja. Demyan, mbebaji wa kundi, kijana wa miaka kumi na sita mwenye mabega kama mlango, alimtazama siku ile ya Septemba akasema, “Jamani, huyu bibi yake alikuwa anamtilia mbolea?” Kila mtu alicheka isipokuwa Taisia. Kaleria Lvovna naye alimwambia kwa sauti laini, lakini kwa maneno machache mno: “Umekua, Taya. Ustya ataruka. Wewe kusanya mkia, utazame, ujifunze.” Tangu siku hiyo, kila alipotupa jicho nyuma mwisho wa mazoezi, aliuona uso wa Taisia umekuwa mwekundu na umelowa jasho. Alidhani ni kinyongo, na akaamua kwamba muda utamponya.

Barua ya tamasha la mkoa ilifika Alhamisi, siku tatu kabla ya safari. Kaleria Lvovna aliwakusanya watoto kwenye mkeka.

“Sikilizeni, nyie kunguru. Lyova, funga hilo pakiti. Mbegu za alizeti ndani ya sarakasi? Unataka tukose watazamaji mwaka mzima?”

“Siyo mbegu, Kaleria Lvovna. Ni biskuti.”

“Basi funga biskuti.” Alivaa miwani. “Mwaka huu wameleta kanuni mpya. Mshika kamba awe mtu mzima, mmoja, asimame peke yake, na mkia wa kamba ukae ndani ya ndoo. Haya, Taya, umepata likizo. Jumapili utakaa na watazamaji unipigie makofi.”

Alingoja kicheko. Hakikuja. Lyova, ambaye kazi yake ilikuwa kurukia upande wa pili wa ubao wa kurushia, ule ambao ncha moja ikishuka nyingine hupanda, alikuwa ameacha biskuti mdomoni. Ustya alimtazama Taisia. Taisia alitazama sakafu.

“Ndoo gani?” aliuliza Demyan.

“Ndoo ya kawaida, Demyan. Ya kufulia.”

“Ndoo haina mikono, Kaleria Lvovna.”

“Na wewe huna adabu. Nendeni nyumbani, mle, mlale.”

Alidhani ni mzaha wa Demyan, na haukuwa mbaya. Alitabasamu njia nzima hadi nyumbani, akipita kando ya theluji iliyokuwa ikiyeyuka.

Ijumaa waliingia ukumbini mmoja mmoja, kwa mguu wa kulia kama ilivyo desturi, na wakamkuta Arseny ameshaiweka ndoo mahali pake. Arseny alikuwa fundi wa jukwaa wa jumba lile, mtu mnene wa miaka arobaini na mitatu, mwanafunzi wa Kaleria Lvovna wa zamani, aliyebeba mabegani watoto watatu kwa pamoja enzi zake. Yeye ndiye aliyetundika kapi na kuzipaka mafuta. Mchana alikuwa kwenye mitambo ya jukwaa kubwa, kwa hiyo mazoezi hakuyaona mara nyingi.

“Ndoo ya heshima hiyo,” alisema. “Nimeisugua mwenyewe.”

“Asante, Senya. Kaa, utakuwa mtazamaji wetu.”

Taisia aliketi mstari wa mbele, mikono ameibana katikati ya magoti. Demyan alisimama mahali pake, akapima umbali kwa macho. Lyova alipanda kwenye jukwaa dogo la kurukia. Ustya, mkanda kiunoni, alisimama kwenye ncha ya ubao, mgongo kwa Demyan. Mchezo ulikuwa huu: Lyova ataruka aangukie ncha ya pili, Ustya arushwe juu, apige kichwangomba kimoja nyuma, na atue kwa miguu kwenye mabega ya Demyan. Walikuwa wameufanya zaidi ya mara mia.

“Nashika!” alisema Kaleria Lvovna.

Ustya alinyoosha mikono. Kisha akainua kiganja kimoja, ishara ya kusimamisha. Lyova, mguu mmoja ukiwa tayari hewani, alijishika kwenye nguzo ya jukwaa lake.

“We Ustya! Nilikuwa nimeshafika nusu! Unataka nivunjike shingo?”

“Kiatu,” alisema Ustya. “Kimelegea.”

Alikaza kiatu ambacho hakikuwa kimelegea, akasimama tena.

“Nashika!”

Kiganja kikapanda.

“Nini tena?”

“Pua. Inawasha.”

Pua ya mrukaji ni chakula kizuri kwa mtani kama Demyan, lakini Demyan alinyamaza. Kaleria Lvovna alilitambua hilo, akaliacha lipite. Lililomsumbua lilikuwa jingine. Mchezo ukikosewa hurudiwa papo hapo, ndiyo sheria ya zulia. Mtoto akienda nyumbani bila kuurudia, woga huenda naye, hula naye, hulala naye. Aliwahi kupoteza watoto wawili kwa njia hiyo, mmoja wao mwenye kipaji kuliko wote.

“Mara ya tatu, Ustya. Tulia. Pumua. Nashika!”

Safari hii Ustya hakuinua kiganja. Aliketi. Aliketi kwenye ncha ya ubao, akakumbatia magoti.

“Ustinya.” Jina kamili lilitoka mara chache. “Unaogopa?”

“Siogopi.”

“Basi simama.”

“Sisimami.”

“Keshokutwa tuna tamasha, watu wa mkoa mzima wanakuja, na wewe umekaa kama bibi anayesubiri basi?”

“Basi niache nikae kama bibi.” Sauti ilitetemeka. “Siruki bila Taya.”

Kaleria Lvovna aligeuka nyuma. Taisia alikuwa amesimama, mweupe kama karatasi. Na hapo mwalimu yule mpole, aliyejivunia kutomwonea mtoto yeyote, alisema neno ambalo baadaye alilijutia kuliko yote ya mwaka ule.

“Umemwambia nini huyu mtoto, Taya? Umemtia woga? Kwa kuwa nafasi ilikuwa yako?”

“Hapana!” Demyan alipiga hatua mbele. “Usimwambie hivyo, Kaleria Lvovna! Hujui!”

“Sijui nini?”

Taisia aligeukia upande alikokuwa Arseny.

“Mjomba Senya,” alisema, “tuletee gunia.”

Gunia la mchanga lilikuwa stoo. Kila Septemba, msimu unapofunguliwa, hujazwa hadi lifikie uzito wa mrukaji, hufungwa mkanda na kudondoshwa mara tano, ili kapi, kamba na mikono vijulikane kama vi salama. Septemba ile lilidondoshwa, na mikono ilikuwa salama. Arseny alimtazama mwalimu wake kuomba ruhusa.

“Lete,” alisema Kaleria Lvovna. “Lete, Senya, tuone mchezo huu utaishia wapi.”

Arseny alilipandisha kwa ngazi hadi kwenye ujia wa taa, ule uliopita chini ya dari, akalivisha mkanda wa Ustya. Watoto walisogea ukutani. Kaleria Lvovna alisimama mahali pake, akakaza glavu, akavuta ulegevu.

“Nashika!” alisema, na ndani ya neno hilo mlikuwa na hasira.

Arseny alilisukuma gunia.

Mkono wa kulia ulishika kama ulivyoshika miaka arobaini na moja, kwa muda wa kufumba jicho. Wa kushoto ulikuwa mahali pake. Aliuona. Vidole vilikuwa vimefunga kamba, vyote vitano, kwa mpangilio mzuri aliowafundisha wengine. Na kamba ilikuwa ikipita katikati yake kama uzi kwenye tundu la shanga. Gunia liligonga mkeka kwa kishindo kizito. Vumbi likapanda, likakaa hewani chini ya taa.

Arseny alichungulia chini kutoka ujiani.

“Tena,” alisema Kaleria Lvovna.

“Kaleria Lvovna, mama yangu...”

“Tena, Senya. Haikutimia, inarudiwa.”

Arseny alirudia. Gunia liligonga mkeka tena, karibu na alama ya kwanza. Kaleria Lvovna alivua glavu ya kushoto, akautazama mkono wake mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta mahali palipotoboka.

Ndipo Taisia alipokuja. Hakuuliza. Alitoa mkia wa kamba ndani ya ndoo, akauzungusha kiunoni, akakita visigino kwenye mbao mbili ambazo rangi yake ilikuwa imekwanguka. Na Kaleria Lvovna, aliyekuwa amegeuka kumtazama, aliona kwamba imekwanguka mahali panapolingana na visigino.

“Moja tu, mjomba Senya,” alisema Taisia.

“Nashika,” alisema Kaleria Lvovna, kwa sauti ya chini.

Gunia lilianguka, likasimama mita moja juu ya mkeka, likaning'inia likiyumba. Na mikononi mwa Kaleria Lvovna ulifika wepesi ule. Aliutambua mara moja. Ulikuwa wepesi wa Desemba, wa Januari, wa mwezi mzima wa Februari. Wepesi aliousifu kwenye chumba cha makoti.

Aliketi palipokuwa karibu, kwenye ukingo ulioinuka kuzunguka zulia, mgongo kwa zulia.

“Mgongo!” walipiga kelele watoto wote kwa pamoja. “Kaleria Lvovna, mgongo!”

Aliruka kama aliyekalia jiko. Kwa watu wa sarakasi, kuketi ukiupa uwanja mgongo ni mkosi, na katika maisha yake yote hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa amewafukuza watu ukumbini kwa kosa hilo, akiwamo mkurugenzi wa jumba. Lyova ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha puani cha mtu anayejizuia, kisha Demyan, kisha Ustya kule kwenye ubao, na mwishowe yeye mwenyewe, huku machozi yakimtoka. Aligeuka, akaketi upya, uso kwa zulia.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Oktoba,” alisema Taisia. “Siku Ustya alipokosa bega la Demyan, akaning'inia.”

“Nilikwambia ukusanye mkia. Ulikuwa umeushika kwa nini?”

Uso wa Taisia ulirudi kuwa mwekundu.

“Nilikuwa nimekasirika. Niliuvuta kidogo ili Ustya asiruke vizuri.”

“Nyoka wewe!” alisema Ustya, na kwa namna alivyolitamka ilikuwa karibu sifa.

“Mara moja tu! Nikavuta, halafu nikasikia uzito wote umekuja kwangu. Wote. Kamba ilinichoma viganja. Nikajua hujashika, Kaleria Lvovna. Ulisema umeshika, na ulidhani umeshika, lakini hukushika.” Alishusha pumzi. “Kesho yake nikauzungusha kiunoni.”

“Na hukuniambia.”

“Mama anasema ukiacha kufundisha, ukumbi watapewa wale kina mama wa mazoezi ya viungo kwa muziki.”

“Wameshakuja kupima madirisha,” aliongeza Lyova. “Wanataka mapazia ya zambarau.”

“Kwa hiyo mkanyamaza wote.”

“Ilikuwa inafanya kazi,” alisema Demyan. “Taya alikuwa anashika, wewe unafundisha. Halafu ikaja hiyo barua ya ndoo. Jana tulikaa kwenye ngazi mpaka mlinzi akatufukuza. Kila mtu alikuwa anamwambia mwenzake, sema wewe. Mwisho Ustya akasema, basi mimi sitaruka, atagundua mwenyewe.”

Kaleria Lvovna alijaribu kukumbuka ni mara ngapi Ustya alikosea kutua tangu Oktoba. Alifika mahali akaacha, kwa sababu kila mara aliyoikumbuka, gunia lilianguka upya masikioni mwake. Akamtazama Ustya. Mtoto alikuwa ameketi kwenye ubao, mzima, akijikuna goti, soksi moja imeshuka. Alikwenda akaipandisha soksi ile, ingawa hakuna aliyemwomba, kisha akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto na kukiacha hapo kwa muda.

“Nimekukosea, Taya,” alisema bila kugeuka. Kisha akageuka, kwa kuwa jambo hilo husemwa uso kwa uso. “Nimekukosea leo kwa maneno. Na nimekukosea miezi sita kwa kutotazama.”

“Kiuno ndicho kimeumia,” alisema Taisia. “Mengine siyo mabaya.”

“Jumapili hatuendi.”

Watoto walinung'unika kwa pamoja, na ilikuwa kelele nzuri, ya watoto wa kawaida wanaonyimwa safari. Arseny, aliyekuwa ameteremka ngazi, alisimama akijifuta vumbi.

“Kwa nini hamwendi?” aliuliza. “Kanuni inataka mtu mzima. Mimi ni mtoto?”

“Hujashika kamba tangu ulipooa.”

“Ndiyo maana nimenenepa. Na wewe ndiye uliyekuwa ukisema mshika kamba mzuri ni mzito na mvivu.”

“Nilisema mzito na mtulivu.”

“Mtulivu nitajifunza hadi Jumapili.”

Arseny alilidaka gunia mara thelathini jioni ile, huku Demyan akiwa juu akilisukuma na Kaleria Lvovna akimzunguka na kumwelekeza. Kiwiko chini. Usimwinue, msindikize. Usiitazame kamba, kamba haina la kukwambia, mtazame mtoto. Mara ya kumi na mbili alimpiga begani kwa nguvu, kama alivyokuwa akimpiga alipokuwa na miaka kumi na mitatu, naye akasema “Samahani” kwa sauti ile ile ya miaka kumi na mitatu. Jumamosi asubuhi Ustya alivaa mkanda. Desturi haina njia ya mkato: neno husemwa na anayeshika. Kwa hiyo Arseny alifungua kinywa akasema “Nashika!”, na Ustya akaanguka ubaoni kwa kicheko.

“Kama dubu ndani ya pipa!”

“Dubu huyu ndiye atakayekudaka,” alisema Kaleria Lvovna. “Mheshimu. Simama.”

Ustya alisimama, akaruka, akatua. Aliruka mara tisa siku hiyo. Alikosea mara mbili, na mara zote mbili alishuka polepole hadi kwenye mkeka, na Arseny hakutoka jasho zaidi ya kawaida yake.

Jumapili Kaleria Lvovna aliketi mstari wa tatu, katikati ya watazamaji, kando ya Taisia. Hakuwahi kuutazama mchezo wake mwenyewe kutoka huko. Ulionekana mdogo zaidi, na wa haraka. Arseny alisimama peke yake kwenye ukingo wa zulia katika shati jeupe lililombana, mkia wa kamba umejiviringa ndani ya ndoo. Aliposema neno lake, mikono ya Kaleria Lvovna ilijifunga yenyewe kwenye mkono wa Taisia.

“Unaniumiza,” alinong'ona Taisia.

“Kwa mkono upi?”

“Wa kulia.”

“Basi ni kweli wa kushoto haushiki,” alisema Kaleria Lvovna, akalegeza.

Lyova aliruka. Ustya alipaa, akajikunja, akajikunjua mapema mno, na mguu mmoja ukapita nje ya bega la Demyan. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Kamba ikakazika, kwa ulaini, kama mtu anayefunga mlango mtoto akiwa amelala, na Ustya akabaki akining'inia mita mbili juu, mikono ameitanua, akiwapungia watazamaji kana kwamba hayo ndiyo yaliyopangwa. Arseny alimteremsha. Watu walipiga makofi, kwa kuwa katika mkoa wetu watu wanajua kinachofuata. Na Ustya alirudi kwenye ubao bila kuambiwa, akakaza kiatu chake, akasikiliza neno, akaruka, akasimama wima juu ya mabega ya Demyan kama aliyezaliwa huko.

Taisia alipiga kelele hadi sauti ikamkauka. Kaleria Lvovna hakupiga kelele. Aliegemea kiti, akagundua kwamba tangu Ijumaa hakuwa ameegemea kitu chochote.

Hawakupata nafasi yoyote kati ya tatu za kwanza, kwa sababu ya kosa lile la kwanza. Walipata cheti cha shukrani na sanduku la keki za asali, ambazo ziliisha kabla basi halijatoka mjini.

Mwezi Aprili daktari aliikagua shingo ya Kaleria Lvovna, akasema mshipa wa fahamu umebanwa katikati ya mifupa, na akamuuliza kama kazi yake inamlazimu kutazama juu. Alimjibu kwamba ndiyo, kwa miaka arobaini na moja. Daktari alimwandikia mazoezi na sindano, na akamwambia wazi kwamba nguvu nyingine zitarudi na nyingine hazitarudi.

Tangu Machi ile Kaleria Lvovna hashiki kamba. Jumba lilimwongezea Arseny saa za kazi, na yeye ndiye anayeshika. Jumatano, watoto wadogo wakishaondoka, Taisia hujifunza kushika rasmi, kwa gunia peke yake, kwa kuwa kanuni hazimruhusu kumshika mtoto hadi atimize miaka kumi na minane. Kaleria Lvovna bado anafundisha siku tatu kwa wiki, na sasa husimama upande wa pili wa zulia, anapoweza kuwaona wote.